Nani Alikula Mkate?

Mwalimu wetu wa Kifaransa alitusomea hadithi ya mzimu saa sita ya mchana, madirisha yakiwa wazi na jua likipiga mabati mpaka yanalia. Hakutaka isomwe saa nyingine. Tulipomwambia kwamba hadithi za namna hiyo husimuliwa giza likishaingia, watu wamekaa karibu karibu, alisema, "Mambo mabaya niliyoyaona mimi, yote niliyaona mchana."

Tulidhani anatania. Lakini hakuwa mtu wa kutania, na kwa miaka mitatu niliyosoma kwake sikumwona akicheka zaidi ya mara mbili.

Wakati ule hapa Kindu kila mtu mzima alikuwa citoyen au citoyenne, yaani raia, hata muuza samaki, hata mlevi aliyelala mbele ya stesheni. Yeye hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa wakubwa wa Chama tawala na prefe, yaani mkuu wa shule yetu. Kwa mji mzima alikuwa Mwalimu tu, ingawa walimu walikuwa wengi. Mtu akisema, "Nimekutana na Mwalimu kivukoni," hakuna aliyeuliza ni mwalimu yupi. Alikuwa mrefu, mkavu, na abakosti zake mbili za rangi ya majivu, koti zisizovaliwa tai, alizifunga vifungo mpaka shingoni hata siku za joto kali. Aliishi mtaa wa Mikelenge na mke wake, na kila asubuhi alikuja shuleni kwa miguu, vitabu vimefungwa kwa kamba mgongoni kama mzigo wa mhogo.

Alibisha hodi kwenye vyumba visivyo na watu. Hilo ndilo jambo la kwanza mwanafunzi mpya aliloambiwa juu yake. Darasa tupu, ghala, ofisi iliyofungwa wiki nzima, Mwalimu angesimama mlangoni, aseme hodi, asubiri, halafu ndipo aingie. Siku moja prefe wa shule, mtu mnene aliyependa mzaha, alimwuliza mbele yetu, "Unamubishia nani hodi, Citoyen?"

"Aliye ndani."

"Lakini ndani hamuna muntu."

"Sasa njo nimejua," Mwalimu akasema, akaingia.

Siku za salongo, tulipotoka sote kufanya kazi ya mji bila malipo, alichimba mitaro mpaka mikono ikatoka malengelenge, akabeba mchanga pamoja na wavulana. Ila nyundo hakuishika. Madawati yalipohitaji misumari, alisogea mbali, akaenda kusimama upande wa pili wa uwanja mpaka kazi iishe. Walimu wenzake walisema ni kiburi cha mtu aliyesoma kwa mapadri.

Niseme na hili, kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe. Shule yetu ilikuwa na mwalimu wa nidhamu aliyependa kutufungia katika ghala la majembe. Mimi alinifungia kwa kosa la kuchelewa kwenye nyimbo za asubuhi, zile tulizoimba na kucheza kwa ajili ya Rais. Ghala lilikuwa na ubaridi mzuri. Nikalala juu ya magunia.

Kilichonishtua ni kelele za mbao kupasuka. Niliambiwa baadaye kwamba Mwalimu alikuwa katikati ya sentensi, chaki mkononi, mtu akamwambia niko wapi. Alitoka bila kufunga kitabu. Alidai ufunguo; mwalimu wa nidhamu alikuwa ameondoka nao kwenda sokoni. Basi Mwalimu alichukua jembe lililoachwa uwanjani akang'oa kufuli pamoja na kipande cha mlango. Mimi nikatoka nikipangusa macho, nikaona shule nzima imesimama, nikacheka.

Alinipiga kofi. Mwalimu ambaye hakuwahi kumgusa mwanafunzi alinipiga kofi lililonizungusha, halafu akakaa chini kwenye vumbi mbele ya wanafunzi wote. Hakuna aliyecheka tena. Prefe mwenyewe ndiye aliyemwinua.

Kesho yake alikuja nyumbani kwetu. Mama alikuwa anatwanga sombe. Mwalimu hakukubali kiti, alisimama uani, akasema, "Mama, nilimupiga mutoto wako bila kosa. Nimekuja kuomba ruhusa ya kuingia tena darasani." Mama aliachia mchi. Katika maisha yake hakuwa amesikia mwalimu akimwomba mtu ruhusa, sembuse mwanamke mwenye majani ya mhogo mpaka kwenye viwiko. Baada ya yeye kuondoka, Mama alinishika mabega, akaniuliza kwa hofu, "Ulimufanyia nini yule baba?"

Nilimwambia nilicheka tu.

Hadithi yenyewe ilikuwa katika kitabu kisicho na jalada. Mapadri walikiacha ndani ya sanduku walipoondoka, mchwa wamekula kurasa za kwanza zote, kwa hiyo hatukujua jina lake wala nani alikiandika. Kilikuwa kimoja. Mwalimu alinakili ubaoni ukurasa kwa ukurasa, na sisi tukanakili kwenye madaftari, wiki baada ya wiki. Mimi daftari langu ninalo hadi leo.

Kisa chake ni rahisi. Katika nchi ya baridi kuna nyumba kubwa ya zamani, mbali na mji, imezungukwa na mashamba. Wenye nyumba wanasafiri, wanamwachia mwanamke mmoja mwaminifu ailinde. Baada ya siku chache anasikia hatua ghorofa ya juu, ambako hakuna anayelala. Mkate unapungua jikoni. Siku moja anapanda, anapeleka mkono juu ya kitanda kisicho na mtu, anakuta kina joto. Mkulima jirani anamwambia kwamba bibi wa kwanza wa nyumba ile alikufa kwa huzuni na hajawahi kutoka. Mwanamke anasali, anafunga, haisaidii. Mwisho anachukua mbao, anaufunga mlango wa ghorofa ya juu kwa misumari. Hatua zinaendelea. Zinakwenda haraka, kisha polepole, kisha ni kama mtu anayeburuta kitu. Siku ya tisa kimya. Mwanamke anaketi mezani, anawaandikia wenye nyumba barua ya mstari mmoja: nyumba sasa imetulia.

Tulifurahi. Mvulana mmoja aliyetoka Pangi alipiga makofi. Mwanamke amemshinda mzimu, kazi imekwisha, kengele inakaribia kulia na matumbo yanadai wali.

Mwalimu alisubiri tunyamaze. Kisha akauliza, "Nani alikula mkate?"

"Mzimu," tukajibu kwa pamoja.

"Mzimu unakula?"

Yule mvulana wa Pangi akasimama. "Kwetu wafu wanakula, Mwalimu. Babu tunamuwekea chakula kwenye kaburi."

"Na asubuhi chakula kiko wapi?"

"Iko pale pale. Kuku njo wanakula."

"Mule ndani ya nyumba mulikuwa kuku?"

Wachache wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Na kitanda? Nani alikipa joto?"

Nilikaa na binti wa imamu, msichana mpole ambaye sauti yake haikuvuka dawati la pili. Nilimwona akiweka mkono mdomoni. Halafu akausema ukweli ule, polepole, kana kwamba anautoa kisimani. "Alikuwa muntu."

"Sema kwa sauti."

"Alikuwa muntu, Mwalimu. Muntu muzima. Alikuwa na njaa, alikuwa anajificha mule. Yule mama alimufungia muntu."

Sijui nieleze vipi kile kilichoingia darasani. Maneno kwenye daftari hayakubadilika hata moja, wino wangu mwenyewe, mwandiko wangu mwenyewe, lakini nilipoyatazama tena yalikuwa maneno mengine. Hatua za haraka. Hatua za polepole. Kitu kinachoburutwa. Nilisoma ule mstari wa barua nikasikia baridi mikononi, jua likiwa utosini. Mtu nyuma yangu alianza kulia. Mvulana wa Pangi alisema tu, "Lakini tulipiga makofi," akaketi.

"Muntu akitaka kuwatisha na mzimu," Mwalimu akasema, "mutazame mikono yake. Mutazame nani ana ufunguo."

Mimi nilinyoosha mkono. Nilikuwa nimekasirika, sijui kwa nini. Nikasema yule mwanamke hakujua, na mtu asiyejua hana kosa. Mwalimu alinitazama. Akageuka akaanza kufuta ubao, akaufuta wote, hata pale pasipo na maandishi, mpaka kengele ikalia. Neno langu halikujibiwa siku ile wala mwaka ule.

Hadithi hiyo ilikaribia kumponza. Mwaka uliofuata vijana wa Chama walikuja shuleni, watatu, wamevaa vitambaa vya kijani shingoni, wakamtaka aeleze kwa nini katika nchi iliyorudi kwenye asili yake anawasomesha watoto habari za nyumba za wazungu. Tulikuwa tumesimama kwenye mstari uwanjani na tulijua watu waliochukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Mwalimu alisimama wima, vifungo shingoni.

"Citoyens," akawaambia, "mimi nawafundisha kwamba nyumba za wakoloni zilijaa maiti. Nikiacha, nitawafundisha nini? Kwamba zilikuwa nzuri?"

Walitazamana. Mkubwa wao akacheka, akampiga begani, akasema huyu ni mwanamapinduzi wa kweli. Prefe alitoka jasho mpaka shati likamgandia. Mwalimu alirudi darasani, akatuambia tufungue sarufi, na hapo ndipo nilipoona kwamba ameifinya chaki kiganjani mpaka imekuwa unga.

Mke wake tulimwita Mama Mwalimu. Alikuwa Mwislamu, mtu wa familia za zamani za mji, zile ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani. Yeye Mwalimu alikuwa Mkatoliki. Ijumaa mama alikwenda zake, Jumapili baba alikwenda zake, na hakuna aliyewasikia wakibishana. Walilima mpunga na karanga nyuma ya nyumba. Hawakuwa na mtoto. Watu walisema mengi, kama watu wanavyosema, na wanaume wa mtaa walimcheka Mwalimu kwa sababu maji alichota yeye. Mtu mzima, mwenye diploma, anatoka mtoni na ndoo kichwani! Mtungi wa nyumba ile haukuwahi kuonekana chini ya nusu. Mama Mwalimu alikuwa akimwambia mbele ya wageni, "Mwalimu, maji," naye huinuka bila neno, amwache hata mkuu wa wilaya na kikombe chake.

Sisi wasichana tulimwonea wivu. Tulisema, hebu tazama mapenzi.

Nilimaliza shule, nikafundishwa ualimu, nikapelekwa Kalima. Nilifundisha watoto wa wafanyakazi wa migodi, na mwaka wa tatu, bila vitabu vya kutosha, nilichukua daftari langu la zamani nikawaandikia ubaoni ile hadithi. Niliwauliza nani alikula mkate. Nikaona nyuso zao zikibadilika, mmoja mmoja, na nikajua sasa Mwalimu alikuwa anaona nini kutoka pale mbele. Mwishoni niliwaambia jibu langu mwenyewe: yule mwanamke alitenda jambo baya kuliko yote, ila hakujua.

Likizo ile nilirudi Kindu. Nikiwa kwenye mtumbwi, kabla hata ya kufika ng'ambo, mpiga kasia aliniambia Mwalimu amepooza upande wa kushoto. Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Mikelenge na mzigo wangu.

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha kamba chini ya ukingo wa paa, amevaa singlendi. Ndiyo mara ya kwanza nilipoiona shingo yake. Mama Mwalimu alikuwa kwenye kigoda kando yake, bakuli la uji wa mchele mapajani, anamlisha kwa kijiko. Alinikaribisha, akaniletea mkeka, akaendelea na kazi yake.

Mwalimu alizungumza kwa taabu, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo, lakini akili ilikuwa ile ile. Aliniuliza nafundisha nini. Nikamwambia kwa fahari juu ya hadithi, juu ya nyuso za watoto, na jibu ninalowapa.

"Unawaambia hakujua," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Mama Mwalimu aliweka kijiko ndani ya bakuli. Kisha Mwalimu akaanza kunisimulia, na nilidhani anasimulia tena kitabu, mpaka aliposema "barabara ya Kalima".

Wakati wa uasi, miaka michache baada ya uhuru, shule yake ilifungwa. Alikuwa kijana. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa ng'ambo ya mto alikimbia, akamwachia funguo za nyumba. Waasi wakaja wakaifanya kituo chao. Waliwatafuta makarani na walimu, watu wa kalamu, na waliowapata hawakurudi. Yeye alivaa aproni, akasema ni mpishi. Akawapikia.

"Wakaanza kusikia hatua juu ya dari," akasema. "Mimi pia nilisikia. Mukubwa wao akauliza, nani iko kule? Nikasema, bibi ya muzungu, alikufia humu. Njo vile watu wa shamba walikuwa wanasema. Niliamini. Akanipa nyundo."

Alifunga mlango wa dari kwa misumari. Siku ya nne waasi waliondoka, wakaelekea Kalima. Akapanda, akang'oa mbao. Ndani hakukuwa na bibi wa mzungu. Kulikuwa na mke wa karani mmoja aliyeuawa, amejificha mule tangu kabla ya waasi kufika, akishuka kuchukua chakula jikoni watu wakienda mtoni.

Nilimtazama Mama Mwalimu. Hakuwa ananitazama. Nakumbuka tu kwamba mikono yangu ilikuwa imeshika mkeka pande zote mbili kama mtu aliye mtumbwini.

"Wewe, Mama?" nikauliza hatimaye.

"Mimi."

"Sikujua," Mwalimu akasema. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande uliokuwa hai. "Mpaka nilipofungua, sikujua."

Mama Mwalimu alichukua kitambaa, akampangusa jicho, kisha mdomo. Alifanya hivyo kwa utulivu, kama alivyofanya kila siku. Halafu akasema, "Hapana. Umusemee mutoto wa watu yote."

Mwalimu alifumba macho.

"Siku ya pili nilimuita," mama akaniambia. "Wale walikuwa wamekwenda kuoga. Niliweka mudomo kwenye ubao, nikasema, baba, mimi ni muntu, tunakufa kiu. Akanijibu. Alisema, nyamaza, watatuua wote. Nikamusikia anashuka."

"Wangeniua," Mwalimu akasema.

"Wangekuua. Ni kweli." Alikoroga uji uliokwisha kupoa. "Kutwa mara mbili walikuwa wanakwenda mutoni. Siku mbili nzima, haukufungua."

Kuku walikuwa wanaparua uani. Mbali, treni ilipiga honi ikiingia stesheni. Nilikuwa nimesikia neno moja ambalo lilikataa kupita, na nilitumaini nimesikia vibaya.

"Mama, ulisema *tunakufa*."

"Nilikuwa na mutoto wangu. Mwanamuke, miaka mitatu. Alikuwa na homa." Aliniambia hivyo akinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Siku ya tatu alikuwa bado anaongea. Alikuwa anaomba maji kupitia ubao. Yeye huyu alikuwa chini, anamusikia."

Nilisimama. Sijui nilitaka kwenda wapi. Nilimtazama mzee yule aliyenifundisha kusoma, nilimtazama mwanamke aliyekuwa amemwekea kitambaa kifuani ili uji usimwagike, na nilitaka kumpigia mtu kelele lakini sikujua ni nani kati yao. Nikamwuliza mama, na sauti yangu ilitoka mbaya, yenye hasira, "Ukaolewa naye? Kwa nini?"

Hakukasirika. Aliwaza kidogo, kama mtu anayetafuta neno lililo sawa.

"Baba yake waliisha kumuua. Wazazi wangu pia. Katika dunia yote hii, watu waliosikia sauti ya mutoto wangu tulibaki wawili." Alimpa Mwalimu kijiko kingine, naye akakipokea. "Ningekwenda kumuongelea na nani?"

Nilikaa tena kwenye mkeka. Sikuwa na neno la kumlaumu mtu wala la kumsamehe, na mpaka leo sinalo. Kitu kimoja tu nilichoweza kuuliza ndicho nilichouliza: mtoto aliitwa nani.

Walijibu wote wawili kwa wakati mmoja, yeye kwa mdomo wake uliopinda, mama kwa sauti yake ya kawaida.

"Sakina."